Binti wa Kaizari Aliyeolewa na Jemadari

Katika habari za Japani nilizopata kuzisoma hakuna iliyonishika kama ya Kazunomiya, binti wa Kaizari Ninko, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1846.

Kwanza yafaa nieleze jambo moja. Siku hizo Kaizari alikuwa na heshima kubwa, lakini nguvu ya kutawala ilikuwa mikononi mwa shogun, yaani jemadari mkuu, wa ukoo wa Tokugawa, aliyekaa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Mwaka 1853 zilitokea meli za kivita za Marekani, na tangu hapo shogun alilaumiwa kwa kuwafungulia wageni mlango. Basi wakubwa wakaona dawa ni ndoa: dada yake Kaizari Komei aolewe na shogun kijana, Iemochi.

Lakini binti huyo alikuwa amekwisha kuposwa tangu utoto na Mwanamfalme Arisugawa Taruhito! Alikataa, akabembelezwa, hata akakubali. Mwaka 1861 alitoka Kyoto kwa njia ya milimani, safari ya karibu siku ishirini na tano, na msafara wa maelfu ya watu. Harusi ilikuwa mwaka 1862. Bibi na bwana wote walikuwa hawajatimiza miaka kumi na sita kamili, wadogo kuliko sisi wa Kidato cha Nne.

Alishika desturi za Kyoto ndani ya ngome, naye mama mkwe, Tenshoin, hakupendezwa. Lakini na mumewe walipatana sana. Mwaka 1866 Iemochi alifariki Osaka, akiwa vitani. Husimuliwa kwamba mkewe alikuwa amemwagiza kitambaa cha Kyoto. Kitambaa kikaja pamoja na maiti.

Kazunomiya akawa mtawa. Mwaka 1868 jeshi la Kaizari lilikwenda kuupiga Edo, na mkuu wake alikuwa nani? Yule yule Arisugawa, mchumba wake wa zamani. Angeweza kurudi kwao salama. Badala yake aliandika barua kuuombea ukoo wa mumewe usifutwe. Wengine pia walisuluhisha, na ngome ikatolewa pasipo vita. Ukoo wa Tokugawa ukabaki.

Alifariki Hakone mwaka 1877 kwa beriberi, maradhi yaliyomwua mumewe pia. Waliosoma Biolojia watakumbuka kwamba husababishwa na upungufu wa vitamini B1, ambayo hupotea mchele ukikobolewa mno. Kwa hiyo iliwapata zaidi wakubwa waliokula wali mweupe.

Alizikwa kando ya mumewe, kama alivyotaka. Makaburi ya ukoo huo yalipochunguzwa miaka ya mwisho ya 1950, kwake kilionekana kioo cha picha chenye sura ya kijana aliyevaa mavazi ya heshima. Kilipokaa kwenye mwanga sura ikafutika. Wengi hudhani alikuwa Iemochi, nami nadhani hivyo hivyo.