Unga wa Kipepeo Haupofushi Mtoto

Nikizungumza na walimu wa madarasa ya awali kuhusu kufuga vipepeo darasani, iwe Mbagala au Bunju, swali la kwanza ni lile lile: "Ule unga wa kipepeo si utawapofusha watoto?" Hautawapofusha. Nimeshajibu sana kwa mdomo, sasa najibu kwa maandishi.

Unga ule ni magamba. Bawa la kipepeo lenyewe ni utando mwembamba, na juu yake yamelaliana maelfu ya magamba madogo yanayompa rangi. Akinasa kwenye utando wa buibui, magamba hubanduka na kubaki pale, mwenyewe akaponyoka. Hayana sumu ya kupofusha. Yakiingia jichoni yatakera, kama ikeravyo chaki ambayo mwalimu huyo huyo anaifuta ubaoni kutwa nzima bila kumtoa mtoto nje. Osha jicho kwa maji safi, endelea na somo.

Wanaoapa kwamba "kuna mtu aliumia macho" wanachanganya wadudu. Wa kuogopwa ni viwavi washawasha, ambao wengi wao hukua wakawa nondo. Manyoya yao huwasha na kuchoma ngozi. Yakiingia jichoni, usifikiche, nenda hospitali. Hapo ndipo tiba za mtaani zinapoharibu zaidi: majivu, mafuta ya taa, kusugua. Kusugua kunayazamisha manyoya! Yakiwa kwenye ngozi, bandika selotepu, ibandue, osha kwa maji na sabuni. Darasani sheria ni moja: kiwavi mwenye manyoya haguswi.

Kipepeo wa kufundishia yupo kwenye mdimu wa jirani. Ni Papilio demodocus, kipepeo mweusi mwenye mabaka ya njano. Kiwavi wake hana manyoya. Akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege, na ndege naye hudhani hivyo, akampita. Akikua anakuwa wa kijani. Mbughudhi kidogo uone: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Si sumu. Watoto watapiga kelele, waache. Wamejifunza zaidi hapo kuliko kwenye mchoro wa mishale minne wa hatua za kipepeo ambao wameshaunakili.

Namna ya kumfuga ni hii. Hakikisha mti haukupuliziwa dawa. Chukua mayai au viwavi wadogo. Wakubwa huenda wameshatagiwa na nyigu, na akitoka nyigu mtasema mwalimu karogwa. Tumia ndoo ya plastiki, uifunike kwa neti ya pazia, si chandarua chenye dawa, kitawaua. Tawi la mdimu liwe kwenye chupa ya maji, mdomo umezibwa kwa pamba ili kiwavi asizame. Badilisha majani kila siku, ondoa kinyesi. Akishakuwa pupa, asiguswe. Akitoka, asisaidiwe, mpe saa kadhaa anyooshe na kukausha mabawa, kisha mfungulie aende. Yai hadi kipepeo ni wiki nne hadi sita hivi, kwa hiyo anza shule inapofunguliwa, usingoje wiki ya mitihani.