Lori la Waya Limebakiza Rula

Mtoto wa Ikungi au Kiomboi anayetengeneza lori la waya anafanya kazi ambayo kwingineko duniani watu wazima huitengea chumba nyumbani na kuinunulia vifaa vya bei kubwa. Waya chakavu hukunjwa ukawa chesisi, kopo la mafuta ya kula hukatwa likawa kabini, ndala iliyokatika hutoa matairi, na waya mrefu hupanda kutoka ekseli ya mbele hadi kwenye usukani ulio usawa wa kifua, ili dereva aendeshe akiwa wima. Usukani huo unafanya kazi kweli. Ukizungushwa, waya husukuma ekseli upande mmoja na magurudumu yote mawili hukata kona kwa pamoja. Aliyebuni mpangilio huo ameshaelewa jinsi nguvu inavyosafiri kutoka mkononi hadi kwenye tairi, na hakuna aliyemfundisha darasani. Kilichobaki ili lori hilo liwe modeli kamili, ya aina inayowekwa kwenye makumbusho na ofisi za wahandisi, ni vipimo na rangi. Ninashikilia kwamba vitu hivyo viwili vinafundishika katika shule yoyote ya Singida, na kwamba mtoto akivipata anapata msingi wa ufundi ambao vitabu peke yake havimpi.

Tuanze na vipimo. Modeli hujengwa kwa skeli, kama ramani. Watengenezaji wa modeli za magari hupenda 1:24, maana yake kila sentimita ya modeli inasimama badala ya sentimita 24 za gari lenyewe. Wa meli hutumia 1:350 au hata 1:700, kwa sababu meli haiwezi kukaa mezani kwa skeli ya gari. Kwa fundi asiye na kiwanda, njia nzuri ni kuiacha malighafi iliyopo ichague skeli. Chukua tairi la lori kubwa la saizi ya 315/80, lile linaloonekana kwenye malori yanayopita Singida mjini yakielekea Nzega, Mwanza na Rwanda. Upana wake ni milimita 315 na kimo chake ni zaidi kidogo ya mita moja. Ukikata duara la sentimita 5 kwenye ndala yenye unene wa kama sentimita moja na nusu, umepata tairi hilo kwa skeli inayokaribia 1:20, kimo na upana vyote viwili. Kuanzia hapo ndala ndiyo inayotawala. Upana wa lori, mita 2.5, unakuwa sentimita 12.5, lori na tela lake lenye urefu wa mita 16 linakuwa sentimita 80. Ukitumia kizibo cha soda badala ya ndala, skeli inahama na kuwa ndogo zaidi, na kila kipande cha lori lazima kihame nacho. Mtoto aliyekosea hapa haambiwi na mwalimu kwamba amekosea. Analiona mwenyewe, kwa kuwa kabini inapwaya juu ya matairi madogo. Uwiano, somo linalowasumbua wanafunzi wengi ubaoni, hapa linashikika kwa mkono.

Skeli ina fumbo lake pia, na ndilo linaloipa kazi hii uzito. Urefu ukigawanywa kwa 20, ujazo hugawanywa kwa 20 mara tatu, yaani kwa 8,000. Shehena ya alizeti ya tani 30 kwenye lori la 1:20 ni kilo 3 na robo tatu tu. Ndiyo maana chesisi ya waya mwembamba hubeba mzigo wake bila shida, ilhali lori halisi huhitaji chuma kizito na breki za kuaminika kabla ya kuteremka mlima wa Sekenke. Mwanasayansi Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638, na wahandisi bado wanaishi nalo.

Mkoa usio na bahari unaweza kudhani kwamba meli haziuhusu. Lakini meli maarufu kuliko zote za Tanzania ilipita hapa, ikiwa vipande. Graf von Goetzen, ambayo leo ni MV Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungashwa katika masanduku yapatayo 5,000. Kutoka Dar es Salaam ilisafiri kwa reli ya kati, inayopita Manyoni na Itigi, hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha; Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini mwaka 1927. Chombo cha mita 71 kiliungika kando ya Ziwa Tanganyika kwa sababu kila bamba lilikuwa limepimwa kabla ya kusafiri. Kwa skeli ya 1:100, Liemba ni sentimita 71, inatosha dawati la wanafunzi wawili. Pwani kuna ushahidi wa namna nyingine. Mtepe, jahazi la Waswahili lililoshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka baharini karne iliyopita. Ujuzi tulionao kuuhusu unatokana na maelezo, picha na modeli zilizochongwa wakati mitepe ingali ikisafiri, na mwaka 2003 Zanzibar iliweza kujenga mtepe mwingine. Modeli iliyotengenezwa kwa uangalifu inaweza kukitunza chombo baada ya mbao zake kuoza.

Rangi nayo ina hesabu yake. Rangi iliyokaa kwa unene wa sehemu ya kumi ya milimita ni nyembamba kwa macho yetu, lakini kwenye meli ya 1:350 unene huo ni sawa na sentimita tatu na nusu, na unafukia kila ribiti na kila ukingo wa dirisha. Kwa hiyo rangi huzimuliwa kwa tina na kupakwa mara nyingi nyepesi badala ya mara moja nzito, na kila mkono ukikauka hupitishwa msasa laini. Rangi pia huongezwa weupe kidogo kwenye modeli za meli, kwani ukiitazama modeli ya 1:350 ukiwa nusu mita kutoka kwake, ni kama umesimama mita 175 kutoka kwenye meli, na kwa umbali huo hewa hufifiza rangi. Halafu lori la Singida lisilo na vumbi si lori la Singida. Vumbi hujikusanya chini ya milango, nyuma ya matairi na kwenye pembe za bodi, wala halitapakai sawasawa. Brashi iliyofutwa hadi ikabaki karibu kavu, ikipitishwa kwa wepesi na rangi ya udongo, huliweka mahali pake. Anayetaka kulichora vizuri hana budi kwenda barabarani kuliangalia.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Mhandisi William Froude hakuuona hivyo: mwaka 1872, Torquay, Uingereza, alifungua birika refu la kuvuta modeli za meli zilizotengenezwa kwa nta, akaonyesha kwamba modeli ya 1:100 ikivutwa kwa sehemu ya kumi ya mwendo wa meli, mawimbi yake yanafanana na ya meli yenyewe. Meli za kivita zilisanifiwa kwa matokeo hayo. Pingamizi la gharama lina nguvu zaidi, kwani seti za plastiki na bomba za kupulizia rangi ni ghali kweli. Lakini boksi, waya, ndala, gundi ya mbao, msasa na masalia ya kopo la fundi rangi vinatosha kuanzia, na futi ya fundi ipo katika kila karakana. Sera ya elimu, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali. Hapo kazi hii ina mahali pake.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba rula itamnyima mtoto uhuru wa kubuni. Hofu hiyo ingekuwa ya kweli kama modeli ingechukua nafasi ya lori la waya. Inafaa vibaki vyote viwili, na mwanafunzi aachwe achague gari la kupima na njia ya kulijenga. Na anayesema kompyuta na mashine za kuchapa vitu vya plastiki zimeshaifuta kazi ya mkono, akumbuke kwamba mashine huchapa mchoro iliopewa. Vipimo vya tela la alizeti lililochomelewa katika gereji ya Singida havimo kwenye kompyuta yoyote, mpaka mtu achuchumae kando yake na futi na daftari.