Siku Yenye Saa 25

Meli ya Queen Mary 2 hutumia usiku saba kutoka Southampton hadi New York. Ni zaidi ya maili za baharini 3,000 za Atlantiki tupu, bila bandari hata moja njiani. Miji hiyo miwili imeachana kwa saa tano, na meli hailimalizi deni hilo kwa mkupuo. Hulilipa kidogo kidogo. Usiku mmoja saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, usiku mwingine vivyo hivyo, hadi zitimie tano. Abiria huamka na kukuta ana saa nzima ya ziada ambayo hakuiomba wala hakuilipia.

Kijana mwenye kazi ataimaliza saa hiyo kitandani. Wastaafu, ambao ni wengi katika safari hizi, huitumia kwa mambo madogo: kikombe cha pili cha chai penye madirisha yanayotazama mbele, mzunguko mmoja zaidi wa staha kabla upepo haujakaza, kadi ya kumwandikia mjukuu. Kwa sisi tunaoshughulika na afya ya wazee, siku ya namna hii ina mengi ya kufundisha, na yanamhusu hata mtu asiyetarajia kukanyaga meli ya kitalii maishani mwake.

Tunaoziona meli hizi zikitia nanga Mombasa au Zanzibar msimu wa kaskazi hudhani wazee wale wamefuata Ngome ya Yesu, Mji Mkongwe na mashamba ya viungo. Wapo waliofuata hayo. Lakini ongea na wazoefu wenyewe: wengi huchagua safari kwa kuhesabu siku za bahari, yaani siku ambazo meli haitii nanga popote, na zikiwa chache hunung'unika. Lee Wachtstetter, mjane wa Florida, aliuza nyumba yake akahamia kwenye meli ya Crystal Serenity na kuishi humo miaka mingi. Bandarini alikuwa hashuki tena ila kwa nadra. Wenzake wakiteremka yeye alibaki na meli karibu yote peke yake. Alipenda dansi, na mikono yake haikukaa bure: alidarizi kwa sindano, kazi zake akawagawia wafanyakazi wa meli. Mmarekani mwenzake, Beatrice Muller, aliishi ndani ya QE2 mpaka meli hiyo ilipostaafishwa mwaka 2008. Leo QE2 ni hoteli, imefungwa gatini Mina Rashid, na ndugu zetu walioko Dubai wanaweza kupanda na kuzitembea korido alizokuwa akipita.

Ni kitu gani kinachomfanya mtu apende kukaa katikati ya maji pasipo kitu cha kutazama? Jibu ninaloliamini linatoka mahali pasipo na bahari kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji cha Marienthal nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa na familia nyingi zimebaki bila kazi. Mtu angetarajia kwamba waliojaliwa muda wote huo wangesoma zaidi. Ikawa kinyume: vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya wafanyakazi vilipungua kwa karibu nusu. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama barabarani, na wengi wao waliacha hata kuvaa saa. Muda ulikuwa umepoteza kingo zake. Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi, ukiondoa mshahara, humpa mtu mambo matano: mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi, na shughuli inayomtoa kitandani.

Mstaafu mwenye pensheni hayuko katika shida ya watu wa Marienthal. Lakini mambo hayo matano humwondokea kwa siku moja. Mtumishi wa umma anatimiza miaka 60, anaagwa Ijumaa kwa hotuba, mabati na friji, na Jumatatu anaamka saa kumi na moja alfajiri akiwa hana pa kwenda. Mke au mume humshangaa anavyozungukazunguka uani. Miezi ya kwanza huwa ya raha. Baada ya hapo wengi huanza kuniambia jambo moja kwa maneno tofauti: siku ni ndefu, ila jioni ikifika hawaoni walichokifanya.

Sasa iangalie siku ya bahari. Jioni iliyotangulia, karatasi ya ratiba ya kesho huletwa kabini. Wazoefu huikalia na kalamu, wakazungushia duara kwenye mhadhara wa asubuhi, mazoezi ya kwaya ya abiria, kikundi cha wafumaji, meza ya karata za bridge. Saa sita mchana sauti ya nahodha hutoka kwenye vipaza sauti: meli ipo latitudo gani na longitudo gani, upepo unavuma kutoka wapi, maji yaliyo chini yana kina gani. Wapo wanaoshusha uma ili wasikie vizuri, kisha wanaiandika nafasi ya meli kwenye daftari zao. Saa tisa na nusu alasiri ni chai. Wahudumu wenye glavu nyeupe hupita meza kwa meza na sandwichi za matango zilizokatwa vipande vyembamba kama vidole, kisha skoni zenye moto bado, krimu nzito na jamu, na bendi inapiga taratibu. Ukiitazama chai hiyo kwa ajili ya tumbo tu utaona haina maana, kwani chakula cha mchana kilikwisha muda mfupi uliopita na cha jioni kinakuja. Kazi yake ni nyingine. Huigawa alasiri, sehemu ya siku ambayo kwa mzee aliye peke yake ndiyo ngumu kuliko zote.

Na hakuna katika hayo kilicho cha lazima. Hapa ndipo ninapoona ufundi hasa. Mwaka 1986 David Ekerdt, mtafiti wa mambo ya uzee, aliandika jinsi wastaafu wa Marekani wanavyojiona wana wajibu wa kuwaonyesha watu kwamba bado wana shughuli nyingi, kana kwamba pumziko linahitaji kutetewa. Nimeyaona hayo kwetu pia: mstaafu akiulizwa anafanya nini siku hizi, anakimbilia kutaja kuku, shamba na kamati ya msikiti au ya kanisa. Kwenye meli mtu anaweza kuifuta ratiba yote, akajifunika blanketi kwenye kiti cha staha na kutazama maji saa tatu mfululizo, na hakuna atakayemuuliza. Siku inabaki na mgongo wake hata kama yeye hakufanya lolote ndani yake.

Halafu kuna watu. Kila siku ya bahari huwa na chemshabongo, na timu inayoundwa siku ya kwanza na watu wasiojuana kwa kawaida hubaki ileile hadi mwisho wa safari. Mwalimu mstaafu kutoka Scotland, fundi umeme kutoka Ohio, wake zao, na mjane mmoja aliyekuja peke yake wanabishana kwa kunong'ona kuhusu mji mkuu wa Mongolia. Zawadi ni alamisho ya kitabu au kalamu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika makala mashuhuri juu ya nguvu ya mahusiano mepesi, ya watu tunaofahamiana nao bila kuwa marafiki wa ndani. Kustaafu huyakata mahusiano haya kwanza: mlinzi wa getini, muuza magazeti, mwenzako wa idara ya pili. Familia inabaki, lakini familia haiwezi kuziba pengo hilo, na wala haipaswi kubebeshwa. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara zaidi ya kijamii walikuwa na nafasi kubwa ya kubaki hai katika kipindi cha utafiti, kwa asilimia 50, kuliko wenye mahusiano hafifu. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji meli kuyaelewa haya. Baraza la jioni, lenye buli la kahawa chungu na bao, lina saa yake, lina watu wake, na asiyefika huulizwa kulikoni.

Mwili nao unapata haki yake. Queen Mary 2 ina staha inayoizunguka meli nzima, na mizunguko mitatu ni karibu kilomita 1.8. Alfajiri utawakuta wazee wakiihesabu kwa vidole, wakisalimiana kila wanapopishana. Kuyumba kwa meli hupunguzwa na mapezi makubwa yanayochomoza ubavuni chini ya maji. Kichefuchefu kikija, chanzo chake ni kwamba sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho, yakiwa yamekodolea kitabu au ukuta, hayauoni. Toka nje, utazame upeo wa macho, na ukiweza chagua kabini ya katikati ya meli, chini. Ninachokihofia zaidi kwa wazee ni kuanguka. Kizingiti cha mlango wa bafu kwenye meli mara nyingi kimeinuka, na mkono mmoja uwe kwenye reli kila wakati. Kuhusu virusi vya kuharisha vinavyosambaa haraka melini, maji na sabuni vinashinda jeli ya kutakasa mikono.

Gharama haikwepeki. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Marekani, Lee Lindquist na Robert Golub, walichapisha hesabu iliyozua mjadala. Walilinganisha kuishi kwenye meli ya kitalii na kuishi katika makazi ya wazee wanaohitaji msaada, kuanzia umri wa miaka 80, kwa miaka 20. Meli ilikuja karibu dola 230,000, makazi karibu dola 228,000. Wengi waliisoma kama habari ya kuchekesha. Mimi naisoma kama shutuma kwa makazi yale: kwa fedha zilezile mtu apate mhudumu anayemwita kwa jina, daktari usiku na mchana na meza ya kula yenye mazungumzo, au apate korido yenye televisheni. Hata hivyo meli ina mipaka. Aliyeanza kupoteza kumbukumbu au anayehitaji kuogeshwa na kulishwa si wa kupelekwa huko.

Raha hii pia ina wanaoibeba. Mhudumu wa kabini hufanya kazi siku zote za juma kwa miezi mingi mfululizo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unataka apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Meli ikielekea magharibi, ile saa ya ziada inawafikia na wao. Ikirudi mashariki inaondolewa, mara nyingi saa sita mchana, na nahodha akimaliza tangazo lake inakuwa saa saba tayari. Wastaafu wazoefu wanalijua hilo, na ninawaheshimu wale wanaojifunza majina ya wahudumu wao na mahali walikotoka tangu siku ya kwanza.

Wapo wasomaji wenye wazazi walioitwa na watoto wao Uingereza au Marekani, na mtoto amewakatia tiketi ya safari kama hii. Wakatieni bima ya safari inayotaja wazi matibabu ya baharini na gharama za kuhamishwa kwa helikopta au ndege, kwa sababu hospitali ya meli hutoza na bima nyingi za kawaida huishia ufukweni. Hakikisheni viza inaruhusu kushuka kila bandari iliyo kwenye tiketi. Dawa za safari nzima, na za wiki moja zaidi, zikae kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa katika pakiti zake za asili pamoja na barua ya daktari. Vidonge vya presha havitasumbuliwa na saa moja mbele au nyuma. Mzee ameze kwa saa ya meli. Anayejidunga insulini aende kwa daktari wake kabla ya kuondoka, wapange pamoja dozi za zile siku tano ndefu, na mpango huo uandikwe kwenye karatasi atakayoibandika ndani ya mlango wa kabati.