Steringi hayumo, Zinga wagawanyika!

Jamani, kuna sinema inagombanisha watu! Inaitwa Maangamizi: The Ancient One, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar, ingawa haikupenya hadi tano bora.

Niliiona kwenye kibanda umiza kimoja hapa Zinga, Bagamoyo. Dakika 20 tu, vijana wakaanza: "Steringi yuko wapi? Mbona hapigi mtu?" Samehe, mgonjwa wa akili, kafunga mdomo; kifo cha mama yake kimemkaa kooni. Daktari Asira anamsubiri aseme, nasi tunasubiri. Wengine wakadai hela zao, wakatoka.

Mama mmoja muuza vitumbua hakubanduka. "Wanangu, nyie hamjafiwa," akasema. "Mie nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Haraka ya nini?"

Kibanda kikatulia. Mimi nampa mama pointi zote. Sinema za mapanga huzika watu kumi na kusonga mbele. Hii inabaki na mfiwa. Kama unachoka, toka zako, ruksa. Lakini msiba hausogezwi mbele kwa rimoti, au vipi?