Kufua wakati wa masika Babati: Faida iko kwenye kamba

Mvua zinapoanza mjini Babati, wenye maduka hukimbilia kujaza shehena ya sabuni. Hilo si kosa, lakini ni kutazama upande mmoja wa beseni. Katika nyumba za vyumba vya kupanga, ambako familia kadhaa hugawana ua mmoja na kamba moja, maji ya kufulia hupatikana wakati wa masika. Kinachoadimika ni jua. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika udobi, au mwenye nyumba anayetafuta wapangaji wa kudumu, aanzie hapo.

Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati. Kwa kawaida mvua huanza Novemba na kuendelea, kwa kukatika na kurudi, hadi Aprili au Mei. Juni na Julai ni miezi ya baridi; masweta na mablanketi huongezeka kwenye beseni. Kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi hutawala: nguo huchafuka upesi, lakini hukauka upesi pia. Kwa hiyo kazi ya dobi ipo mwaka mzima. Kinachobadilika ni muda ambao nguo moja hukaa kwenye kamba.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya soko. Dobi ana kamba za kuanika nguo 40 na hutoza sh. 500 kwa nguo. Wakati wa kiangazi nguo hukauka siku hiyo hiyo, hivyo kwa siku 6 za kazi huingiza sh. 120,000. Masika yakifika, nguo zikihitaji siku 3, kamba zile zile hupokea nguo 80 tu kwa wiki, na mapato hushuka hadi sh. 40,000. Kodi ya chumba haishuki. Akipokea nguo zaidi ya uwezo wa kamba, zitalundikana zikiwa mbichi, zitavunda, na mteja hatarudi.

Ndiyo maana fedha ya kwanza iende kwenye paa. Banda lililo wazi pande zote, lililoezekwa kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, huzuia mvua na kuruhusu upepo, na upepo ndio unaobeba unyevu. Nguo zikitundikwa kwenye henga, kamba moja hubeba nyingi zaidi. Fedha ya pili iende kwenye mashine yenye uwezo wa kukamua kwa kuzungusha, kwa sababu nguo iliyokamuliwa vizuri hufika kwenye kamba ikiwa imebakiza maji kidogo. Lakini asiwepo wa kuitegemea mashine peke yake. Umeme ukikatika, kazi isisimame.

Kwa upande wa sabuni, mwuza duka akumbuke jambo moja. Maji yenye chokaa nyingi hula sabuni ya mche na kuacha utando kwenye nguo, na sabuni ya unga huvumilia maji hayo vizuri zaidi. Maji ya mvua ni laini, hutoa povu kwa sabuni kidogo. Mpangaji anayekinga maji ya bati anaweza kutumia sabuni pungufu.

Bei nayo haitokani na Babati. Mafuta ya mawese ni malighafi kubwa ya sabuni. Mwaka 2022, baada ya bei ya mawese kupanda duniani, Indonesia ilizuia kuyauza nje kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei. Aliyekopesha sabuni kwa bei ya zamani hujikuta hana fedha ya kununulia shehena mpya. Mfuko wa mteja nao hutegemea shamba: mwaka 2017 India ilipowekea mipaka uingizaji wa mbaazi, bei ya zao hilo, ambalo Babati hulitegemea sana, ilianguka. Mkulima asipouza, dobi na mwenye duka husubiri pamoja naye.

Zipo njia za mkato ambazo ni hasara tupu. Kukausha nguo kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na aliyelala haamki. Kuhamishia kazi ufukweni mwa ziwa pia si mpango: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kwenye ukingo. Na nguo isitoke bila pasi, hasa nepi na nguo za ndani. Wapo nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi, na funza wao huingia mwilini. Pasi ya moto huua mayai hayo.

Ushauri wetu ni kwamba banda lijengwe kabla ya Novemba, wakati mafuno yameingiza fedha mjini na mafundi wanafanya kazi pakavu. Mwenye nyumba ambaye wapangaji wake wana mahali pa kuanika atakuwa na hoja ya kodi. Na dobi asipime biashara yake kwa nguo alizopokea, apime kwa nguo kavu alizokabidhi.