Kwa Nini Meli za Antaktika Ni Ndogo

Meli ya kitalii inayoteremsha watu Antaktika kwa kawaida hubeba abiria 100 hadi 200, wakati meli kubwa za starehe za Karibi hupakia maelfu. Udogo huo hautokani na anasa. Umetokana na barafu, na umbo la pwani yenyewe, na zaidi ya yote, na hesabu ya watu wanaoruhusiwa kukanyaga ufukweni kwa wakati mmoja.

Mtindo wa safari hizi ulianzishwa na Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyehamia Marekani. Mwaka 1966 alikodi meli ya jeshi la majini la Argentina akawapeleka watalii kusini. Mwaka 1969 akawa na chombo chake, Lindblad Explorer, meli ya kwanza ya abiria iliyoundwa mahsusi kwa kazi hiyo. Mambo aliyoyaweka yamebaki hadi leo: boti za mpira za kushukia, na kundi la wataalamu wa ndege, miamba na barafu wanaofundisha melini na kuongoza nchi kavu.

Meli nyingi hung'oa nanga Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, kati ya Novemba na Machi, msimu wa joto wa huko. Mbele yao kuna Mlangobahari wa Drake, wenye upana wa kilomita 800 hivi, unaovukwa kwa siku mbili. Katika latitudo hizo hakuna nchi kavu popote duniani ya kuuzuia upepo wa magharibi. Upepo huizunguka dunia ukisukuma mawimbi, na meli huenda mrama kwa maana ya asili ya neno hilo, ile ya mabaharia. Chini ya mawimbi kuna mkondo unaosukuma zaidi ya mita za ujazo milioni 130 kwa sekunde, takriban mara mia moja ya mito yote ya dunia ikijumlishwa.

Katikati ya uvukaji huo meli hupita mahali ambapo maji baridi ya kusini hukutana na maji ya kaskazini yenye joto kidogo na kuzama chini yake. Joto la bahari hushuka nyuzi mbili au tatu, na ukungu hutanda. Kusini ya mpaka huo virutubisho hupanda kutoka vilindini na kustawisha vijimea vya bahari, vijimea hulisha krili, kiumbe anayefanana na uduvi, na krili hulisha nyangumi, sili na pengwini. Karibu kila mnyama atakayeonekana baada ya hapo anamtegemea krili, moja kwa moja au kupitia mwingine.

Rasi ya Antaktika na visiwa vilivyo karibu nayo havina bandari za kitalii. Kisiwa cha Deception, kwa mfano, ni kasoko ya volkeno iliyo hai, iliyolipuka mwaka 1967, 1969 na 1970. Bahari huingia ndani yake kwa mlango mwembamba wenye mwamba uliojificha katikati. Kila mahali abiria hushuka kwa boti za mpira, watu kumi hivi kwa mara moja, hadi kwenye ufuko wa mawe.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuamua kila kitu. Mwaka 2009 nchi za Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini mwaka 1959, zilikubaliana kwamba watalii wasizidi 100 ufukweni kwa wakati mmoja, awepo mwongozaji mmoja kwa kila watu 20, na meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu kabisa. Maana yake kwa msafiri ni hii: meli ya abiria 100 huwashusha wote pamoja kwa saa mbili au tatu. Ya abiria 200 huwagawa mafungu mawili, moja nchi kavu na jingine likizunguka kwa boti. Ya abiria 400 inahitaji zamu nne, na kila mtu hubaki na muda mfupi sana.

Kabla ya kushuka, nguo na mikoba husafishwa mbegu, na mabuti huoshwa kwa dawa. Tahadhari hiyo ina sababu. Antaktika ina mimea miwili tu ya asili inayotoa maua, na tayari nyasi ya kigeni, Poa annua, imeota kwenye Kisiwa cha King George. Tangu homa kali ya mafua ya ndege ilipofika ukanda huo, wageni hawaruhusiwi tena kuketi wala kupiga magoti mahali wanyama walipo. Mtu hukaa mita tano kutoka kwa pengwini. Pengwini mwenyewe akisogea, mtu humpisha. Katika Port Lockroy, kituo cha Waingereza cha mwaka 1944 ambacho sasa ni jumba la makumbusho na posta, sehemu ya kisiwa imefungwa kwa wageni ili watafiti walinganishe pengwini wanaotembelewa na wasiotembelewa. Huo ni uangalizi wa maana, kwa kuwa unapima madhara badala ya kuyakisia.

Barafu nayo ina sheria zake. Meli hizi huimarishwa ubavu, lakini nyingi si meli za kuvunja barafu, na ratiba hubadilika kila siku kwa uamuzi wa nahodha. Majabali makubwa huonekana mapema kwenye rada. Vipande vidogo vya barafu ngumu vinavyochungulia tu juu ya maji ndivyo hatari. Tarehe 23 Novemba 2007 Explorer, meli ile ile ya Lindblad, ilitobolewa na barafu karibu na Kisiwa cha King George ikazama. Watu wote 154 walikaa saa kadhaa katika mashua za kuokolea hadi meli ya Norwei, Nordnorge, ilipowachukua. Tangu mwaka 2017 meli za ncha za dunia zinafuata kanuni maalumu za kimataifa, na mafuta mazito yalipigwa marufuku katika bahari ya Antaktika mwaka 2011.

Hata hivyo, udogo wa kila meli hauzuii wingi wa meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni hawakufika 10,000 kwa msimu. Msimu wa 2023–24 walipita 120,000, takriban theluthi mbili yao wakishuka nchi kavu. Watafiti waliochapisha katika jarida la Nature Communications mwaka 2022 walikadiria kwamba masizi yatokanayo na safari ya kila mtalii huharakisha kuyeyuka kwa takriban tani 83 za theluji. Kanuni ya watu 100 inalinda ufuko mmoja kwa saa chache. Kwa bara zima, hakuna kikomo kilichowekwa.