Namna ya Kupima Rekodi ya Mbunge Kuhusu Usalama wa Taifa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mbunge anapotetea kiti chake, mpiga kura wa Ihumwa, jijini Dodoma, anaweza kupima ahadi zake za usalama kwa kumbukumbu za Bunge badala ya maneno ya jukwaani.

Ifahamike kuwa miswada mingi huamuliwa kwa kura ya sauti, "Ndiyo" au "Siyo", hivyo kumbukumbu hazionyeshi msimamo wa kila mbunge. Bajeti ya Serikali, yenye fedha za vyombo vya ulinzi, ndiyo hupigiwa kura kwa kuitwa majina.

Kwa sababu hiyo, mwananchi asome Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Je, mbunge alichangia nini kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, au marekebisho ya Sheria ya Usalama wa Taifa mwaka 2023? Alipendekeza kubadili kifungu gani?

Ukimya pekee usitumike kumhukumu, kwani kazi ya kamati hufanyika nje ya ukumbi wa Bunge.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kipimo, basi, ni mamlaka aliyoyaunga mkono pamoja na mipaka aliyoidai.